Henry Rider Haggard (1856–1925): Mtunzi wa Mapenzi Yavukayo Zama na Njia Yake ya Kuingia katika Nathari ya Kiswahili

Msomaji wa Kiswahili aliyepita shuleni katika miaka ya 1930 alikutana na riwaya ndefu kwa mara ya kwanza, aghalabu, kwa njia ya tafsiri. Miongoni mwa tafsiri hizo ni Mashimo ya Mfalme Sulemani, iliyochapishwa mwaka 1929 kwa kalamu ya Frederick Johnson. Mwandishi wa asili, Henry Rider Haggard, alikuwa amekwisha kufariki miaka minne kabla. Katika historia za fasihi yetu jina lake hutajwa kwa sentensi moja au mbili, kisha hupitwa kama kielelezo cha kasumba ya kikoloni. Hukumu hiyo ina haki, lakini haitoshi. Mtu huyu alitumia karibu miaka arobaini akiandika juu ya wapenzi waliotenganishwa na mauti na kukutanishwa tena baada ya karne nyingi, na alifanya hivyo kwa kutumia ardhi ya Afrika kama mlango wa kurudia zama zilizopita. Kwa nini mlango huo ulikuwa Afrika ni swali linalomhusu kila anayechunguza chimbuko la riwaya ya Kiswahili.

Haggard alizaliwa tarehe 22 Juni 1856 huko Bradenham, Norfolk, nchini Uingereza, akiwa mtoto wa nane kati ya kumi. Baba yake, mwanasheria mwenye mashamba, alimwona kuwa mzito wa akili. Kaka zake walipelekwa katika shule za fahari; yeye alitosheka na shule ya Ipswich. Mwaka 1875, akiwa na umri wa miaka kumi na tisa, alitumwa Natal kumtumikia gavana Sir Henry Bulwer bila mshahara. Mwaka uliofuata akahamia kwa Theophilus Shepstone, na mwaka 1877 akashuhudia Transvaal ikitwaliwa na Waingereza. Katika sherehe za Pretoria mwezi Mei mwaka huo, mkono wake ulikuwa mmoja wa mikono iliyopandisha bendera. Hapana budi jambo hili likumbukwe: kabla ya kuwa mtunzi alikuwa karani wa dola, na ukarani huo haukumtoka kalamuni.

Huko huko Pretoria alimfahamu mzee mmoja wa Kiswazi, M'hlopekazi, ambaye baadaye alimgeuza kuwa Umslopogaas, shujaa mwenye shoka. Na huko ndiko alikopata jeraha ambalo, kwa kadiri maandishi yake yanavyoonyesha, halikupona. Kabla ya kuondoka Uingereza alikuwa amempenda msichana aitwaye Lilly Jackson. Alipokusudia kurudi ili amchumbie, baba yake alimkataza kwa ukali. Baadaye ikamfikia habari kuwa Lilly anaolewa na mtu mwingine. Mume huyo alikuja kuiba fedha za amana alizokabidhiwa, akakimbilia Afrika, na akamwachia mkewe maradhi yaliyomwua yeye mwenyewe. Haggard, ambaye alikuwa ameoa mwaka 1880 na mwenye watoto, alimhifadhi Lilly mpaka kifo chake mwaka 1909. Mkewe, Louisa, alilijua jambo hilo na hakulizuia.

Vita vya Waingereza na Makaburu vya 1880–1881 vilimfukuza kutoka shambani kwake huko Natal. Alirudi nyumbani, akasomea sheria, akaandika riwaya mbili ambazo hazikupata wasomaji wengi. Mwaka 1885 akashindana kwa shilingi tano na nduguye kwamba aweza kuandika kitabu kinachokaribia hadithi ya Stevenson ya kisiwa cha hazina. Matokeo yake yalikuwa hadithi ya mashimo ya Sulemani. Mchapishaji alimpa hiari ya kupokea paundi mia moja mara moja au sehemu ya mauzo. Akachagua sehemu ya mauzo, na katika mwaka wa kwanza ziliuzwa nakala 31,000. Ni sadfa ya kupendeza kwamba vitabu vyote viwili, cha Stevenson na cha Haggard, viliingia katika Kiswahili mwaka mmoja, 1929, kimoja kikiitwa Kisiwa chenye Hazina.

Wasomaji wa kitabu hicho hawakukaa kimya. Katika chapa ya kwanza mashujaa wanaokoka kwa kutabiri kupatwa kwa jua, ilhali usiku uliotangulia mwezi ulikuwa mpevu. Jambo hilo haliwezekani: jua hupatwa mwezi unapoandama tu. Kosa lilipodhihirika, Haggard alibadilisha kisa, na katika chapa za baadaye ukapatwa mwezi. Mtunzi aliyejiruhusu kumfufua mtu wa miaka elfu mbili hakujiruhusu kuivunja kalenda.

Riwaya iitwayo She iliandikwa kwa muda wa majuma sita hivi mwanzoni mwa mwaka 1886. Ndani yake Ayesha, malkia asiyekufa, anaishi katika magofu ya Kor, barani nyuma ya pwani ya Afrika Mashariki, akimngoja Kallikrates, mpenzi aliyemwua kwa mkono wake mwenyewe kwa wivu zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Kijana Mwingereza, Leo Vincey, anafika, na Ayesha anatambua kuwa ndiye yule yule aliyerudi. Ushahidi wa ukoo huo umeandikwa juu ya kigae cha chungu. Haggard alimwomba shemeji yake amtengenezee kigae halisi ili kisa kiaminike. Jina la malkia ni la Kiarabu, na kila msomaji wa Kiswahili analijua kwa umbo la Asha au Aisha. Watu wa nchi hiyo nao wanasema Kiarabu kilichochakaa, wala hawasemi lugha yoyote ya Kibantu. Kwa mwanaisimu huu ni ushahidi wa kutosha kwamba mwandishi alikuwa hajaisikia bara aliyoielezea. Aliijua pwani kwa barua, na bara kwa vitabu vya wasafiri.

Barua hizo zilitoka Lamu. Ndugu yake John, afisa wa jeshi la majini, alikuwa naibu balozi wa Uingereza huko katikati ya miaka ya 1880, wakati Wajerumani walipoanza kuitia Witu chini ya himaya yao. Hivyo riwaya ya Allan Quatermain, ya mwaka 1887, inaanzia Lamu, inapanda Mto Tana, inakabiliana na Wamaasai kwenye kituo cha misheni, inapita Mlima Kenya, na hatimaye inazama katika mto wa chini ya ardhi hadi nchi ya kubuni iitwayo Zu-Vendis. Haggard alikiri wazi madeni yake mwishoni mwa kitabu: kwa ndugu yake, na kwa msafiri Joseph Thomson, ambaye safari yake katika nchi ya Wamaasai ilikuwa imechapishwa mwaka 1885.

Thomson huyo alikuwa na kitabu kingine. Mwaka 1880, akiwa angali kijana wa miaka ishirini na ushei, alirejea kutoka Ziwa Tanganyika kwa kuvuka uwanda wa Ufipa, ule ambao leo msafiri atokaye Mbala huuingilia kwenye mpaka wa Kasesya kabla ya kushika njia ya Sumbawanga. Aliliona Ziwa Rukwa na kulipa jina la mfalme wa Ubelgiji, jina ambalo halikudumu. Watu aliowakuta Ufipa aliwaeleza kuwa wakulima hasa. Ni watu hao hao waliokuwa na ustadi wa kuyeyusha chuma katika tanuri ndefu za udongo. Habari zao hazikuingia katika visa vya Allan. Yamkini Haggard hakukisoma kitabu hicho, au alikisoma akaona hakina vita. Mkulima apandaye ulezi na mhunzi aketiye kando ya tanuri hawakumfaa mtunzi wa maajabu. Mmaasai mwenye mkuki alimfaa. Ajabu ni kwamba Haggard mwenyewe alikuwa mkulima, na mwaka 1902 alitoa mabuku mawili mazito juu ya kilimo cha Uingereza na umaskini wa vijiji vyake. Alijua thamani ya jembe kwao Norfolk. Afrika aliinyima jembe, akaiachia shoka na mapango. Katika uteuzi huo ndimo kasumba yake ilimokaa, zaidi hata ya maneno ya dharau yanayopatikana hapa na pale katika kurasa zake.

Kitabu cha Allan Quatermain kinaanza na baba aliyefiwa na mwanawe wa pekee. Haggard alikitabaruku kwa mtoto wake wa kiume, Arthur John, aliyeitwa Jock. Mwezi Februari 1891, baba akiwa Mexico, Jock alifariki kwa surua akiwa na miaka tisa. Kwa miaka mingi jina la mtoto huyo halikutajwa nyumbani. Tangu hapo wazo la kurudi kwa wafu, ambalo hapo awali lilikuwa mbinu ya hadithi, linaonekana kuwa haja ya mtunzi mwenyewe. Mwaka 1904 aliota kwamba mbwa wa binti yake anakufa na kutaka kumwambia neno. Mbwa akaonekana baadaye amegongwa na gari moshi. Haggard alipeleka habari hiyo gazetini na kwa chama cha wachunguzi wa mambo ya roho, pamoja na ushahidi wa watu wa nyumbani, kana kwamba yuko mahakamani. Wasomaji walimwandikia, naye akajadiliana nao hadharani bila kuona haya.

Hapa ndipo ilipo tofauti kati yake na H. G. Wells, ambaye mwaka 1895 aliunda mtambo wa kusafiria katika wakati. Msafiri wa Wells huenda mbele, kwa chombo, ili apate kujua. Msafiri wa Haggard hurudi nyuma, kwa moshi wa mmea, ili apate kukutana. Mmea huo anauita taduki. Katika The Ancient Allan, ya mwaka 1920, Allan na Lady Ragnall wanavuta moshi wake na kuyaishi upya maisha yao ya Misri ya kale, chini ya utawala wa Waajemi, walipokuwa wapenzi. Katika Allan and the Ice-Gods, iliyotoka mwaka 1927 baada ya kifo chake na ambayo rafiki yake Rudyard Kipling alimsaidia kuipanga, Allan anajikuta katika zama za barafu. Hata mpangilio wa visa vya Allan kwa jumla unarudi nyuma: shujaa alikuwa ameuawa mwaka 1887, na karibu vyote vilivyofuata vikalazimika kusimulia yaliyotangulia kifo hicho. Mtunzi alimzika mtu wake mapema, kisha akatumia umri wake wote kumfukua. Ayesha naye alirudishwa mara tatu, mwaka 1905, 1921 na 1923.

Kama aliziamini habari hizo au la, ni suala ambalo mwenyewe aliliacha nusu wazi. Katika tawasifu yake, aliyoimaliza mwaka 1912 na kuagiza ichapwe baada ya kufa kwake, anasimulia taswira kadhaa zilizomjia za maisha ya kale, kisha anaorodhesha maelezo yanayowezekana: kumbukumbu ya kweli, urithi wa mababu, au ubunifu mtupu. Hachagui kwa uthabiti. Katika jambo hilo alikuwa mwaminifu kuliko wengi wa wafuasi wake. Alipewa cheo cha Sir mwaka 1912, akafariki London tarehe 14 Mei 1925, na majivu yake yakawekwa katika kanisa la Ditchingham.

Mwaka huo huo wa 1925 mkutano wa elimu ulifanyika Dar es Salaam na suala la lugha moja ya shule likajadiliwa. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ukakubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu. Na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi, Johnson akiwa katibu wake wa kwanza. Mtu aliyemtia Allan katika Kiswahili ndiye huyo huyo aliyeshika kalamu ya kusanifisha. Mashimo ya Mfalme Sulemani, na baadaye Hadithi ya Allan Quatermain, havikuwa burudani tu: vilikuwa vielelezo vya namna sentensi ndefu ya masimulizi ingeandikwa. Hata msamiati wa anwani unasema jambo. Neno mashimo lilitumika mahali ambapo mfasiri wa leo angeandika machimbo au migodi, na neno hadithi likabeba mzigo ambao baadaye ulikabidhiwa riwaya. Kwa Haggard lile neno la Kiingereza lilimaanisha kisa cha safari na maajabu, mapenzi yakiwamo. Kiswahili hakikulipatia jina moja, na mpaka sasa wahakiki hugawa kati ya riwaya ya mapenzi na riwaya ya visa kile ambacho kwake kilikuwa kitu kimoja.

Kilichovuka kuingia shuleni, basi, kilikuwa nusu ya Haggard. Wanafunzi walipewa Allan mwenye bunduki na ramani. Hawakupewa Ayesha anayengoja, wala taduki. Upande wa safari ya nje ulifasiriwa, upande wa safari katika wakati ukaachwa. Sababu haikuandikwa, lakini si vigumu kuikisia. Katika vitabu vya shule, mapenzi yanayoshinda mauti bila msaada wa kanisa yasingepita kwa urahisi. Hata hivyo msomaji wa pwani au wa Ufipa hakuhitaji Haggard ili asikie habari za mizimu na za wahenga wanaorudi, alizisikia kwao. Muhammed Said Abdulla alipotoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, mzimu ulirudi katika riwaya ya Kiswahili, safari hii ili uchunguzwe na Bwana Msa kwa mantiki ya mpelelezi.