Karani wa bati mwenye kupenda vitabu: Lumumba mbele ya siasa

Hapa Bukavu tunapita kila siku kwenye avenue Patrice Emery Lumumba. Tunapita na taxi, na moto, na miguu. Jina tunalijua wote. Watoto wetu wanalijifunza kwenye masomo: minisita wa kwanza wa Kongo, shujaa wa uhuru, mwenye kuuawa kule Katanga tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961. Lakini mbele ya kuwa jina la barabara, huyu mutu alikuwa mutumishi sawa watumishi wengine. Alikuwa anaamuka asubuhi, anaenda kazi, anangojea mushahara mwisho wa mwezi. Na kati ya kazi zake za kwanza, moja aliifanya kwa kampani ya madini, ndani ya jimbo letu la zamani la Kivu. Ni ile sehemu ya maisha yake tunataka kuwaelezea leo, ninyi baba na mama wenye kuishi na udongo na mizani.

Alizaliwa tarehe 2 mwezi wa saba 1925 katika kijiji cha Onalua, territoire ya Katako-Kombe, kule Sankuru, kwa Watetela. Wazazi wake walikuwa watu wa kijiji. Alisoma kwanza kwa misioni ya Wametodisti, kisha kwa Wakatoliki. Masomo yake hayakwenda mbali: alifanya primaire, akajifunza kidogo kazi ya infirmier, basi. Sekondari hakumaliza, univerisite hakuingia hata siku moja. Tulishike neno hili, kwa sababu tutalirudilia.

Katika miaka ya vita kuu ya pili alitoka kwao akaenda upande wa Maniema kutafuta kazi. Mwaka 1942 Wajapani walikamata Malaya, inchi yenye ilikuwa inatoa bati nyingi sana, na Waingereza pamoja na Wamarekani wakabaki na njaa ya ile madini. Kasiterite ya Maniema na ya Kivu ikatafutwa kwa nguvu. Makampani yakaomba mikono. Leta ya Wabeleji ikakaza hata watu wa vijiji: siku za kazi ya lazima zikatoka 60 kwa mwaka zikafika 120. Symétain, kampani kubwa ya bati kule Kalima, ilihitaji wenye kuchimba, lakini ilihitaji pia wenye kuandika. Lumumba, kijana wa miaka 18 hivi, akaingia kuwa karani.

Wazee wa Kalima na wa Kamituga wanajua ukoo wa ile kampani. Mwaka 1976 Symétain iliunganishwa na makampani mengine, pamoja na ile ya zahabu ya Kamituga, ikazaliwa SOMINKI. Na wakati ule Maniema yote ilikuwa inatawaliwa kutoka hapa Bukavu, muji wenye Wabeleji waliuita Costermansville. Basi huyu mutu alipita kwetu mbele hatujajua jina lake.

Kila mwenye kufanya kazi kwenye machimbo anajua karani ni mutu wa namna gani. Yuko katikati. Mwenye kubeba udongo anamuona sawa mutu wa wakubwa. Wakubwa wanamuona sawa mutu mudogo mwenye kalamu. Lakini daftari iko mbele yake. Kwa daftari anaona vitu vyenye mwenye kuchimba hawezi kuona akiwa ndani ya shimo: kilo ngapi zimetoka, franka ngapi zimerudi, nani amekatwa mushahara na juu ya nini. Mutu mwenye kujua kusoma anakaa na ile siri kila siku. Wengine wanaitumia kwa kujitajirisha. Wengine inawauliza maswali usiku.

Kule Maniema hakukawia. Karibu mwaka 1944 alifika Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo. Alipata kazi ya biro kwa leta, na mwaka 1947 wakamutuma Léopoldville kwa masomo ya posta. Akarudi kuwa karani wa posta. Ni hapa maisha yake na vitabu yanakuwa ya kila siku.

Mwaka 1952 mutafiti mumoja Mufaransa, Pierre Clément, alifika Stanleyville kwa kuchunguza namna watu weusi wanaishi katika muji. Alimuchukua Lumumba kuwa musaidizi wake. Mwaka 1962, wakati Lumumba alikuwa tayari marehemu, Clément aliandika kumbukumbu zake juu ya ile miaka. Kwa hiyo tunajua siku ya Lumumba ilikuwa namna gani: muchana posta, jioni maktaba na mikutano ya mashirika, usiku kusoma na kuandika. Usingizi ulipata kile kilibaki.

Maktaba ile ilikuwa ya watu weusi. Wazungu walikuwa na ya kwao, sawa vile walikuwa na kartié yao na hospitali yao. Lumumba alifanya kazi kule bure, bila mushahara, kisha siku nzima ya posta. Kazi ya kuchunga maktaba haionekani kubwa. Unaandika jina la mwenye kuazima, unaandika tarehe, unafuata mwenye kuchelewesha, unapanga tena vitabu kwenye mbao. Lakini mwenye kushika ufunguo anafaidi jambo moja: vitabu vyote vinapita mikononi mwake. Lumumba alisoma Voltaire, Rousseau, Victor Hugo. Kifaransa ambacho misioni ilimupa kidogo, yeye alikiongeza kwa kusoma, ukurasa kwa ukurasa, mupaka akakisema sawa mutu mwenye alikaa miaka mingi kwenye univerisite.

Hakusoma kwa kujifungia peke yake. Alianza kuandika kwa magazeti ya Wakongomani wenye kusoma, La Croix du Congo na La Voix du Congolais. Alikuwa mukubwa wa shirika la watumishi weusi wa posta, na gazeti lao, L'Écho postal, lilikuwa mikononi mwake. Hapo ndipo mutu wa vitabu anaachana na mutu wa kujionyesha: chenye anasoma, anakitoa, wengine nao wakile.

Sasa tuseme ukweli juu ya ile wakati. Miji ya Kongo ilikuwa inabadilika mbio. Watu walikuwa wanatoka vijijini kwa maelfu, wanakuwa makarani, mafundi, wainfirmier, walimu. Wabeleji waliwaita wenye kusoma évolués, maana yake watu wenye wamekwisha kutoka kwenye mambo ya zamani. Lakini mushahara wa karani mweusi haukukaribia wa muzungu mwenye kufanya kazi ileile. Usiku mweusi hakuweza kutembea kwenye kartié ya wazungu bila ruhusa. Ili kutuliza évolués, leta ikatengeneza karte: mwaka 1948 karte ya mérite civique, kisha mwaka 1952 ile ya immatriculation, yenye ilipaswa kumukaribisha mweusi kwenye haki za muzungu. Kwa kuipata, wakubwa walikuwa wanakuja kuchunguza mpaka nyumbani: namna munakula, namna munalala, namna muke anapanga nyumba. Ninyi wenye kujua karte ya creuseur na njia yake ndefu, munaelewa karte inaweza kumufungulia mutu mulango, na inaweza pia kumuchosha bure.

Lumumba aliiomba ile karte. Wakamukatalia mara ya kwanza. Aliomba tena, akaipata mwaka 1954. Watu wenye kuipata katika Kongo nzima walikuwa wa kuhesabu. Kwa miaka ile yeye aliamini kitabu ni njia ya kufika kwenye meza ya wazungu: ukisoma vizuri, ukisema vizuri, ukivaa vizuri, watakupa kiti. Alikuwa bado hajawa mutu wa uhuru wa mara moja.

Halafu alianguka. Hatutaficha, juu ya wazee wenye kuficha mambo ya shujaa wanamufanya awe sanamu, na watoto hawawezi kumufuata sanamu. Katikati ya mwaka 1956 Lumumba alirudi kutoka Ubeleji, fasi alikuwa ameenda kwa safari ya masomo, wakamukamata. Kwenye posta ilikosekana zaidi ya franka 120 000, na yeye ndiye aliichukua. Hakukana. Maisha ya évolué yalikuwa ya bei: nguo, nyumba, wageni, vitabu, mashirika, na mushahara ulikuwa wa mweusi. Hiyo inaeleza jambo, haiondoi kosa. Pesa ya posta ilikuwa ya watu. Tribinali ikamuhukumu miaka 2, kisha adhabu ikapunguzwa, akatoka buloko mwezi wa tisa 1957.

Karibu na wakati ule wa kufungwa aliandika kitabu chake, Le Congo, terre d'avenir, est-il menacé? Alikituma Bruxelles, lakini kilichapwa mwaka 1961 tu, wakati yeye alikuwa amekufa. Mwenye kukifungua leo anaweza kushangaa. Anatafuta mutu mukali wa tarehe 30 mwezi wa sita 1960, anakuta mutu mupole, mwenye bado anaomba Wabeleji na Wakongomani wajenge inchi pamoja, mwenye anaomba haki kidogo kidogo. Tunakipenda kitabu hicho kwa sababu hiyo. Kinaonyesha mutu akiwa njiani. Mawazo ya mutu hayaanguki kutoka mbinguni. Yanatengenezwa, yanavunjwa, yanatengenezwa tena.

Kisha buloko hakukuwa tena njia ya kurudi kwenye biro ya leta. Karte yake haikumusaidia kitu. Alienda Léopoldville, akafanya kazi ya kuuzisha bia Polar, kazi yenye ilimupitisha kwenye kila kartié na kila baa. Mutu wa maktaba akajifunza kusema na watu wasiojua kusoma. Alikuwa anasema Kitetela, Kiswahili, Lingala, Tshiluba na Kifaransa. Mwezi wa kumi 1958 wakaanzisha chama cha MNC. Mwezi wa kumi na mbili alikuwa Accra, kwenye mukutano mukubwa wa Waafrika. Kutoka kwenye ule mukutano hakuomba tena kiti kwenye meza ya mwengine. Aliomba nyumba. Haikupita miaka 2, akawa minisita wa kwanza, na kati ya maminisita wake alikuwa mutoto wa Kivu, Anicet Kashamura, kwa mambo ya habari. Yaliyobaki munayajua: mwezi wa tisa wakamutosha kwenye kazi, mwezi wa kumi na mbili wakamukamata, na mwanzo wa 1961 wakamuua pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, karibu na Élisabethville. Alikuwa na miaka 35. Mwili wao haukupata kaburi. Jino moja tu lilirudishwa kutoka Ubeleji, mwaka 2022.

Sasa turudie lile neno tuliloshika mwanzo. Huyu mutu hakuwa na diploma ya sekondari. Alianza na daftari ya bati. Vitabu havikumukinga asiibe, na havikumukinga asiuawe. Mwenye kusema kitabu ni dawa ya kila ugonjwa anadanganya. Lakini vitabu vilimupa maneno. Alikuwa anaona mishahara miwili kwa kazi moja, sawa vile makarani wote waliona. Yeye aliweza kulisema lile jambo kwa Kifaransa mbele ya Wabeleji, na kwa Kiswahili mbele ya watu wetu, hakuna mwenye aliweza kujifanya hakusikia.

Kwenye machimbo yetu leo kuna mizani, kuna duka, kuna baa, kuna kanisa, kuna mashine ya kusaga mawe. Kuna hata vijana wenye walikatiza masomo wakiwa kwenye ya tano primaire ao ya pili sekondari, juu ya minerval ilikosa ao juu ya baba alikufa ndani ya shimo. PDG wa shimo anawapa kazi, negosia anawanunulia. Lakini kitabu kiko wapi? Mutoto akitaka kujua namna bei ya madini inapangwa, ao nini imeandikwa kwenye karatasi yenye wanamuambia atie sahihi, ataazima kwa nani?

Hatungojei leta ijenge maktaba kubwa. Sanduku moja lenye kufungwa vizuri, kwa kooperative ao kwa chapelle, na vitabu 20 ao 30 vyenye watu wametoa. Kijana mumoja mwenye mwandiko mzuri, daftari, jina la mwenye kuazima, tarehe ya kurudisha. Ile kazi karani wa posta wa Stanleyville aliifanya bure, jioni, akiwa amechoka. Mama na baba wa kooperative, kwenye mukutano wenu wenye kuja, mutie neno hili kwenye orodha, kisha mambo ya mizani na mbele ya mambo ya bia.