Edison: mamilioni ya dola yalimezwa na mawe

Thomas Edison, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1847 na kufariki 1931, anajulikana kwa balbu ya umeme. Wachache wanajua kwamba katika miaka ya 1890 aliuza hisa zake za General Electric ili asage mawe.

Huko Ogdensburg, jimboni New Jersey, mapipa mazito ya chuma yalizunguka yakiponda mawe ya tani kadhaa. Unga ulidondoka mbele ya sumaku: chuma kikavutwa pembeni, mchanga ukaanguka moja kwa moja. Kiufundi alifaulu, na hilo ndilo linalouma. Kule Mesabi, Minnesota, yalipatikana madini tajiri na rahisi kuchimba, bei ikashuka. Edison akafunga, akiwa amepoteza zaidi ya dola milioni 2. Ujuzi wa kuponda akauhamishia kwenye kiwanda chake cha saruji.