Sista Irene wa Gikondi, Muuguzi wa Wapagazi

Wengi wetu tumepita Kariakoo, iwe ile ya Nairobi au ya Dar es Salaam, pasipo kukumbuka asili ya jina hilo. Ni tamko letu la Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Kiingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Miongoni mwa waliowauguza wapagazi hao alikuwamo mtawa mmoja wa Kitaliano, ambaye watu wa Nyeri wangali wakimtaja kwa jina la Nyaatha, yaani mama mwenye huruma.

Sista Irene Stefani alizaliwa tarehe 22 Agosti, 1891, katika kijiji cha Anfo, Italia. Alijiunga na masista wa Consolata mwaka 1911, na mwanzoni mwa 1915 akateremka Mombasa, vita vikiwa vimekwisha kupamba moto. Hakukaa sana huko bara kabla ya kuitwa kwenye hospitali za wapagazi: Voi, kisha Kilwa Kivinje, Lindi na Dar es Salaam. Humo walilazwa watu wa kila kabila na kila dini. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi, bali kwa kuhara damu, homa na njaa.

Hospitali zile zilikuwa za serikali. Mikono iliyoosha vidonda ilikuwa ya watawa. Hapo ndipo penye fundisho, na penye mashaka pia. Sista Irene hakuchagua mgonjwa, na usiku hakulala. Lakini pia aliwabatiza wengi waliokuwa wakikata roho. Kwake yeye hiyo ilikuwa rehema. Mzazi Mwislamu ambaye mwanawe alichukuliwa kwa nguvu upagazini angekuwa na haki ya kuuliza: je, fedha ya serikali ilitolewa kwa dawa tu, au na kwa dini?

Baada ya vita alipelekwa Gikondi, katika wilaya ya Nyeri. Alifundisha shule, akapanda na kushuka vilima kuwazuru wagonjwa, akawaandikia barua wazazi wasiojua kusoma, wenye watoto waliokwenda kutafuta kazi mijini.

Miaka hiyo serikali ya kikoloni ilikuwa ikizisaidia shule za misheni kwa fedha, hali kodi ya kibanda ilitozwa kwa wote. Wakikuyu waliojitenga na misheni kuanzia 1929 walijenga shule zao kwa jasho lao wenyewe. Huku pwani nako, vyuo vya Kurani viliendelea kwa ada za wazazi na sadaka za waumini.

Mwaka 1930 tauni ilizuka. Sista Irene alimuuguza mwalimu mmoja aliyeugua, naye akaambukizwa. Alifariki tarehe 31 Oktoba, akiwa na umri wa miaka 39. Tarehe 23 Mei, 2015, Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri huko Nyeri, mbele ya umati mkubwa wa watu.

Sisi wa pwani twaijua wakf: mali ikishatolewa kwa ajili ya watu, msimamizi wake hana ruhusa ya kuigeuza. Fedha ya umma nayo ni amana ya namna hiyo. Apewe padri au apewe shehe, zahanati iwe ya kanisa au ya msikiti, mgonjwa atibiwe kwa ugonjwa wake na aachiwe dini yake. Huruma ya Nyaatha haina bei; lakini kodi iliyonunua dawa alizozigawa ilikuwa ya watu wote.