Jim Thorpe, Bingwa Aliyepokonywa Medali

Wahenga walinena kwamba mwenye nguvu mpishe. Hapa shuleni ubishi wa nani bingwa hauishi, hasa siku ya mechi. Basi leo nawaletea mchezaji ambaye mashabiki wa futiboli ya vyuo kule Marekani wamebishana juu yake kwa zaidi ya miaka mia moja. Futiboli yao si hii yetu. Inakaribia raga, na mpira wake una umbo la yai.

Jim Thorpe alizaliwa mwaka wa 1887 katika nchi iitwayo sasa Oklahoma. Alikuwa wa taifa la Sac and Fox, wenyeji asilia wa Marekani. Pacha wake, Charlie, alifariki wangali watoto. Mnamo 1904 Jim akaingia Carlisle, shule ya bweni ya serikali huko Pennsylvania. Huko watoto wa wenyeji walinyolewa nywele na kukatazwa lugha zao. Hebu fikiria, hata lugha ya mama ni makosa!

Lakini uwanjani, jamaa huyu si mchezo. Carlisle haikuwa chuo kikuu, ila ilicheza na vyuo vikuu. Mwaka wa 1911 iliilaza Harvard 18-15, na mateke manne ya Thorpe yakapita kati ya milingoti. Mwaka wa 1912 ikalitandika jeshi la West Point 27-6. Mwaka huohuo, katika Olimpiki ya Stockholm, Thorpe alinyakua dhahabu mbili: ya michezo mitano na ya michezo kumi.

Kumbe mambo yalikuwa yanamngoja. Januari 1913 gazeti moja lilifichua kwamba mwaka wa 1909 na 1910 alicheza besiboli North Carolina kwa malipo madogo. Wakati huo mwanamichezo wa Olimpiki hakuruhusiwa kulipwa. Wanafunzi wengi wa vyuo walicheza hivyo likizoni, lakini kwa majina ya bandia. Thorpe alitumia lake mwenyewe. Medali zikachukuliwa, ingawa kanuni zilitaka malalamiko yaletwe kabla ya siku 30 kwisha. Kocha wake, Pop Warner, alisema hakujua lolote, naye akaendelea na kazi.

Hapo ndipo mashabiki hugawanyika. Wapo wasemao sheria ni msumeno. Mimi nasema msumeno hukata mbele na nyuma. Huu ulimkata mwanafunzi peke yake, ukawaacha wakubwa waliofaidika na jasho lake.

Thorpe hakukata tamaa. Alicheza besiboli na futiboli ya kulipwa, na mwaka wa 1920 akawa rais wa kwanza wa chama kilichoitwa NFL kuanzia 1922. Alifariki tarehe 28 Machi 1953, akiwa hana mali.

Mwaka wa 1982 Kamati ya Olimpiki ilikubali kumrudishia heshima, na Januari 1983 watoto wake wakapewa medali. Hata hivyo, aliandikwa mshindi pamoja na wengine. Ni Julai 2022 tu alipotambuliwa kuwa bingwa pekee, miaka 69 baada ya kufariki.

Ndugu zangu wanafunzi, kawia ufike ni methali nzuri, lakini haki ikikawia hivyo, humkuta mwenyewe kaburini. Tukiona mwenzetu anaonewa, tuseme mapema.