Michael Faraday, Mzee wa Kanisa na Mwanafunzi wa Umeme

Ndugu wa Kigoma na Ujiji, chumvi ya Uvinza mwaijua. Tangu zamani za kale watu walichemsha maji ya chemchemi zake vyunguni, wakaipeleka kuuzwa hata Ujiji. Lakini katika maji yale zimo chembe zenye umeme, ziitwazo ioni. Na jina hilo lilianza kutumiwa na mtu mmoja mcha Mungu.

Michael Faraday alizaliwa Newington, karibu na London, tarehe 22 Septemba 1791, mwana wa mhunzi maskini. Shule aliipata kidogo tu, kisha akawa mwanagenzi wa mjalidi wa vitabu. Vitabu alivyovishona kwa mikono, alivisoma kwa moyo. Mwaka 1812 alisikiliza mafundisho ya bwana Humphry Davy, akayaandika na kuyajalidi, akampelekea. Na mwaka 1813 akapewa kazi ya msaidizi wake.

Mwaka 1834, akichunguza umeme upitao majini, aliziita chembe ziuchukuao umeme huo ioni, neno la Kiyunani lenye maana ya kitu kiendacho. Waliomfuata walizidi kufahamu. Kila atomi ina elektroni, chembe ndogo za umeme hasi, nazo zalingana na umeme chanya ulio katikati yake. Ikipoteza elektroni yabaki na umeme chanya. Ikipokea ya ziada yawa na umeme hasi. Ndivyo ilivyo chumvini: sodiamu imetoa, klorini imepokea, na maji huzitenga. Hata radi imulikapo juu ya Ziwa Tanganyika, elektroni hung'olewa katika hewa, na hewa hiyo hupitisha umeme.

Mtu huyu mkuu alikuwa mshiriki wa kanisa dogo la Wasandemani, akafanywa mzee wake mwaka 1840. Lakini mwaka 1844 alitengwa kwa muda. Angeweza kwenda zake, maana sifa zake zilikuwa zimeenea Ulaya yote. Hakwenda. Alinyenyekea, akarudishwa katika ushirika. Ila uzee hakuupata tena mpaka mwaka 1860. Tena mara mbili alikataa kuwa mkuu wa Royal Society, chama cha wataalamu wa Uingereza.

Alifariki tarehe 25 Agosti 1867. Basi, ndugu walimu, tusiogope kuichunguza kazi ya Muumba. Wala tukionywa na kanisa, tusikimbie kwa kiburi.