Johannes Rebmann na Weupe wa Kibo

Asubuhi nyingi hatuuoni Kibo kutoka hapa Moshi. Mawingu, vumbi la tambarare na moshi wa kuni huuficha, na wageni hututania kwamba mji umepewa jina linaloufaa. Ukijitokeza, tunamkumbuka Johannes Rebmann.

Alizaliwa Gerlingen, Ujerumani, mwaka 1820. Alitumwa na Church Missionary Society ya Uingereza, akafika Mombasa mwaka 1846 na kuungana na Ludwig Krapf huko Rabai. Hakuwa wa Kanisa letu, lakini sisi wa chini ya mlima huu tuna deni kwake. Tarehe 11 Mei 1848, akiwa njiani kwenda Uchagani, aliona weupe kileleni. Kwanza alidhani ni wingu. Kiongozi wake aliuita baridi tu, na hapo Rebmann akatambua kuwa ni theluji.

Habari ilichapishwa London mwaka 1849. Desborough Cooley, mwanajiografia aliyeijua Afrika kwa vitabu tu, aliikataa katakata: theluji karibu na ikweta! Tunaosoma mantiki tunaifahamu hoja ya namna hiyo, imepangwa vizuri juu ya msingi mbovu. Safari za Baron von der Decken za 1861 na 1862 zilithibitisha kwamba mmisionari aliona sawasawa.

Na hata kudhani kwake kwamba ni wingu hakukuwa upuuzi. Wingu na theluji huanzia kwenye chembe. Baada ya Rebmann kufa, John Aitken wa Scotland alionyesha kwamba mvuke huhitaji vumbi hewani ili ujishikize na kuwa matone. Huku kwetu chembe hizo ni pamoja na chumvi ya bahari, masizi ya mioto ya nyika na udongo mkavu. Theluji hushuka nazo, barafu ikazitunza. Mwaka 2000 kundi la Lonnie Thompson lilitoboa barafu ya Kibo, likakuta tabaka la vumbi la ukame wa miaka 4000 hivi iliyopita, na kwingine floridi, ileile inayotia meno ya watu wetu rangi ya kahawia.

Rebmann hakuyajua hayo. Alikaa Afrika miaka 29 bila kurudi kwao, akamzika mkewe Rabai mwaka 1866. Alipoondoka mwaka 1875 macho yake yalikuwa yamekwisha, akashikwa mkono hadi melini. Alifariki Korntal mwaka uliofuata.