Profesa Hans Meyer (1858–1929), Mtaalamu wa Jiografia na Mpandaji wa Kibo

Jina la Leipzig linapotajwa Kilimanjaro, wengi hukumbuka wamisionari walioingia Machame mwaka 1893. Lakini miaka minne kabla yao, mtu mwingine wa mji uo huo alikwisha kufika katika kilele cha Kibo. Huyo hakutumwa na misioni, wala hakuja kuhubiri. Alikuwa Hans Meyer, ambaye baadaye alikuwa profesa wa jiografia, na habari zake zimefungamana na mlima huu kiasi kwamba haziwezi kuachwa.

Meyer alizaliwa tarehe 22 Machi 1858 katika mji mdogo wa Hildburghausen, Ujerumani. Ukoo wake ulikuwa wa wachapishaji wa vitabu, na ensaiklopidia iliyobeba jina lao ilisomwa katika nyumba nyingi za Wajerumani. Jambo la kushangaza ni kwamba shahada yake ya udaktari haikuhusu milima wala ramani, bali chama cha wafua dhahabu wa Strasbourg. Baada ya masomo alisafiri karibu miaka miwili kuizunguka dunia, kisha akajiunga na kazi ya ukoo wake. Mali hiyo ndiyo iliyogharimia safari zake.

Wakati huo Kilimanjaro ilikuwa na historia ya ubishi. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kibo kwa macho yake, lakini wataalamu wengine wa London, ambao hawakuwahi kukanyaga Afrika, walikataa kuamini. Mwaka 1887 Meyer alipanda mpaka penye ukuta wa barafu, akashindwa kuendelea. Mwaka 1888 alirudi pamoja na Oscar Baumann. Hata hivyo, mwaka huo watu wa pwani walikuwa wameinuka chini ya Abushiri bin Salim kuipinga kampuni ya Wajerumani iliyotaka kuitawala nchi yao. Wasafiri hao wawili walikamatwa, wakafungwa minyororo, na hawakuachiliwa mpaka ilipolipwa fidia ya rupia 10,000.

Mwaka 1889 alikuja mara ya tatu, akiwa na Ludwig Purtscheller wa Salzburg, mpandaji milima hodari. Walipokelewa Marangu na Mangi Marealle. Safari hii Meyer alikuwa amejifunza: hakutegemea nguvu za miguu tu, bali alipanga kambi katika miinuko mbalimbali, na wapagazi wakawa wakipandisha chakula kutoka chini. Muini Amani wa Pangani alikaa nao katika kambi ya juu, kwenye baridi kali ambayo mtu wa pwani hakuizoea kamwe. Masimulizi ya Marangu humtaja pia Yohani Kinyala Lauwo kuwa ndiye aliyewaongoza; mzee huyo aliheshimiwa katika sherehe za miaka mia moja mwaka 1989, akafariki mwaka 1996. Bila watu hao wawili na wenzao wengi wasioandikwa popote, Wazungu hao wasingefika mbali.

Tarehe 3 Oktoba, wakichonga ngazi katika barafu kwa shoka, walifika ukingo wa kreta, wakarudi kwa uchovu. Tarehe 6 Oktoba 1889 walisimama juu kabisa. Meyer akasimika bendera, akakiita kilele hicho kwa jina la Kaisari Wilhelm, kana kwamba mlima haukuwa na wenyewe. Jina hilo halikudumu; mwenge ulipowashwa huko juu tarehe 9 Desemba 1961, kilele kiliitwa Uhuru.

Safari iliyofunua zaidi utaalamu wake ni ile ya mwaka 1898, ingawa haisimuliwi sana. Alipanda tena, akalinganisha aliyoyaona na kumbukumbu zake za miaka tisa nyuma, akabaini kuwa barafu ilikuwa imerudi nyuma na pengo la kuingilia kreta limepanuka. Maneno hayo yamepata uzito kwa jinsi miaka ilivyopita. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilikadiriwa kuwa kilometa za mraba 12. Kufikia mwaka 2011 zilikuwa zimebaki pungufu ya 2. Watafiti wa leo hurejea kwake kwa sababu aliandika kwa makini alichokiona.

Mwaka 1903 alichunguza barafu za Chimborazo na milima mingine ya Ecuador. Mwaka 1911 alipita Rwanda na Burundi, na kitabu chake juu ya Warundi kikatoka mwaka 1916. Kitabu hicho kina maelezo mengi yenye thamani, japo kimeandikwa kwa jicho la mtawala anayewapima watawaliwa.

Mwaka 1915 Chuo Kikuu cha Leipzig kilimpa uprofesa wa jiografia ya makoloni. Miaka minne baadaye Mkataba wa Versailles uliinyang'anya Ujerumani makoloni yake yote, naye akabaki akifundisha juu ya nchi ambazo serikali yake haikuzitawala tena. Alikuwa miongoni mwa waliotamani zirudishwe, na hazikurudi. Alifariki Leipzig tarehe 5 Julai 1929, akiwa na umri wa miaka 71.